Kivu: Gari la zamani likigoma, pima kwanza kabla ya kununua piesi

Ni saa kumi na mbili ya asubuhi, katika mtaa wowote wa Bukavu ao wa Goma. Shofere wa taksi anaweka kontakti, anageuza ufunguo, na gari linajibu kwa mlio mmoja tu: tak. Taa zinafifia, injini haizunguki. Vijana wa mtaa wanaitwa kusukuma, injini inawaka, siku inaanza. Jioni gari linapelekwa garaji na kuwekewa batri mpya. Baada ya wiki moja ugonjwa unarudi. Linawekewa demarere ya okazyo. Ugonjwa unarudi tena. Mara ya tatu ndipo fundi mwingine anafungua waya mnene unaotoka kwenye batri kwenda kwenye mwili wa gari, anakwangua kutu, anakaza buloni, na gari linawaka bila shida. Batri na demarere hazikuwa na kosa lolote.

Kisa cha namna hii hakimshangazi mtu yeyote mwenye gari la zamani hapa kwetu. Piesi zinabadilishwa moja baada ya nyingine kwa kubahatisha, na mwenye gari ndiye analipia kila bahati mbaya. Kwa shofere anayepaswa kuleta malipo ya kila siku kwa mwenye gari, siku moja garaji ni siku ya deni. Na kwenye milima yetu, kosa lisilotafutwa vizuri linaweza kugharimu zaidi ya pesa. Lakini makosa mengi ya magari haya yanaweza kupatikana kwa kupima tu, kwa utaratibu, kuanzia kitu cha bei rahisi hadi kile cha bei kali.

Magari yaliyochoka kabla ya kufika

Sehemu kubwa ya magari madogo yanayotembea katika Kivu ni ya Japani, hasa Toyota. Yanashuka kwenye bandari za Dar es Salaam na Mombasa, kisha yanapanda kwa barabara hadi kwetu. Volani yao iko kuume, wakati Kongo inatembea upande wa kuume wa barabara. Mengi yalikuwa yamekwisha kutumika kwa miaka mingi huko yalikotoka.

Yanapofika, yanakutana na mazingira magumu: vumbi, mashimo, mawe ya volkano katika Goma, na miinuko kila upande. Kutikiswa kila siku kunalegeza nyaya na buloni. Vumbi linaziba filtri ya hewa. Mvua inaingiza maji kwenye viungo vya umeme na kuleta kutu. Ndiyo sababu, kwenye gari la zamani, kosa mara nyingi si piesi iliyokufa. Ni kiungo kilicholegea ao kilichooza.

Batri: namba tatu za kukumbuka

Chombo cha kwanza ambacho kila shofere angepaswa kuwa nacho ni multimetri, kile kisanduku kidogo chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, cha kupimia umeme. Ya kawaida haiuzwi bei kali, na bei yake haikaribii hata kidogo ile ya batri mpya.

Namba ya kwanza: gari likiwa limelala usiku mzima, batri iliyojaa inaonyesha karibu volti 12,6. Ikionyesha 12,2, imebaki nusu hivi. Chini ya 12 ni kama tupu, na inahitaji kuchajiwa kabla ya kuhukumiwa.

Namba ya pili: wakati demarere inazungusha injini, volti zinashuka, lakini hazipaswi kwenda chini ya 9,6 hivi. Kama batri imechajiwa vizuri na bado inaanguka hadi 8 ao 7, hapo ndipo tunaweza kusema batri imekufa.

Namba ya tatu: injini ikiwaka, batri inapaswa kuonyesha kati ya volti 13,8 na 14,5. Ikibaki kwenye 12, basi alternateri haichaji, ao mkanda wake unateleza, ao waya wake umekatika. Ikipita 15, kifaa kinachopunguza umeme wa alternateri kimeharibika. Kitachemsha batri na kuunguza ampuli. Mtu akibadilisha batri bila kupima namba hii ya tatu, batri mpya nayo itakufa kama ile ya kwanza.

Masi: mwizi asiyeonekana

Umeme ukitoka kwenye batri lazima urudi kwenye batri. Njia yake ya kurudi ni chuma cha gari na waya mnene ambao mafundi wetu wanauita masi. Waya huo ukioza ndani ya kichwa chake, macho hayaoni kitu. Taa ndogo zitawaka, radio itaimba, kwa sababu zinahitaji umeme kidogo. Lakini demarere, ambayo inahitaji umeme mwingi mara moja, itakataa.

Kupima ni rahisi. Weka ncha moja ya multimetri kwenye kichwa cha kutoa cha batri, na ncha ingine kwenye chuma kisafi cha injini. Mtu mwingine azungushe ufunguo. Kama chombo kinaonyesha zaidi ya volti 0,2 ao 0,3, masi ni mbaya. Fanya vile vile upande wa kujumlisha: ncha moja kwenye kichwa cha kujumlisha cha batri, ingine kwenye buloni nene ya demarere. Ikizidi nusu volti, waya ao viungo vyake vimechoka.

Asiye na multimetri anaweza kuchukua waya mnene wa kuazimia umeme, kuunganisha kichwa cha kutoa cha batri moja kwa moja na chuma cha injini, kisha kujaribu. Gari likiwaka, mwizi amekamatwa: ni masi.

Na kama nyaya zote ni nzima, batri ni nzima, na bado kunasikika ule mlio mmoja? Hapo demarere yenyewe inashitakiwa. Hata hivyo, si lazima kuinunua nzima. Kwenye demarere nyingi za Toyota, kuna vipande viwili vidogo vya shaba ndani, vinavyopitisha umeme kila mara ufunguo unapogeuzwa. Baada ya miaka vinalika. Fundi anayejua kazi anabadilisha vipande hivyo viwili tu, na demarere inarudi kazini.

Batri inayokufa usiku

Kuna pia gari linalochaji vizuri mchana lakini asubuhi linakutwa limekufa. Hapo kuna kitu kinachokunywa umeme wakati watu wamelala: radio iliyounganishwa vibaya, alarme, taa ya nyuma ambayo haizimiki, ao chaja ya simu iliyofungwa kwa waya wa pembeni.

Zima kila kitu, funga milango, ngoja dakika kumi na tano hivi. Multimetri ikiwa kwenye kipimo cha ampere 10, fungua waya wa kutoa wa batri na uweke chombo kati ya waya na batri. Gari zima halipaswi kunywa zaidi ya ampere 0,05. Likizidi, toa fyuzi moja baada ya nyingine. Ile ambayo ukiitoa namba inashuka, ndiyo inaonyesha njia ya mwizi. Usijaribu kuwasha injini wakati chombo kimeunganishwa namna hiyo: kitaungua.

Tukiwa kwenye fyuzi, neno moja ambalo halina mchezo. Fyuzi inaungua ili waya usiungue. Mtu anayeweka ya ampere 30 mahali pa ile ya 10, ao anayefunga kipande cha waya ao karatasi ya sigara, hajatengeneza kitu. Amehamisha moto kutoka kwenye fyuzi hadi kwenye waya unaopita chini ya tapi na viti, karibu na watu. Fyuzi ikiungua mara mbili, tafuta waya uliochubuka na kugusa chuma.

Injini inazunguka lakini haiwaki

Injini ya esanse inahitaji vitu vitatu: hewa, esanse na moto wa buji. Kabla ya kununua kitu chochote, ujue ni kipi kinachokosekana.

Baada ya kujaribu kuwasha mara kadhaa, fungua buji moja na uitazame. Ikiwa imelowa esanse, basi esanse inafika. Tafuta upande wa moto: buji, nyaya zake, bobini. Ikiwa kavu kabisa, esanse haifiki. Tazama fyuzi na rele ya pompi, pompi yenyewe, na filtri. Kitendo hicho kimoja kinaondoa nusu ya mashaka.

Buji inasema mambo mengine pia. Nyeusi na kavu kama masizi: esanse ni nyingi mno ao filtri ya hewa imeziba. Nyeusi na yenye mafuta: mafuta ya injini yanapanda kwenye silinda. Nyeupe sana: esanse haitoshi ao injini ina joto kupita kiasi. Rangi ya kahawia hafifu ni ya buji yenye afya.

Kwetu esanse nyingi inanunuliwa kwa kadafi, kwenye bidoni kando ya barabara. Si kila kadafi ni mdanganyifu, lakini bidoni inaingia maji na uchafu kwa urahisi. Gari likianza kukohoa muda mfupi baada ya kununua, mimina esanse kidogo katika chupa nyeupe na uiache itulie. Maji ni mazito kuliko esanse, yataonekana chini. Kazi hiyo ifanyike mbali na sigara na mbabula.

Moshi nao ni shahidi. Moshi wa bluu ni mafuta ya injini yanayoungua. Mweusi ni esanse ao mazutu kupita kiasi. Mweupe mwingi, usioisha hata injini ikisha kupata joto, ni maji yanayoingia kwenye silinda.

Taa ya injini si pambo

Magari mengi ya zamani yana ile taa ya manjano yenye picha ya injini. Wengine wanaifunika kwa skochi, wengine wanatoa ampuli yake. Kufanya hivyo ni kufunga mdomo wa mgonjwa.

Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, hata mashine ya kusomea makosa haihitajiki. Chini ya kapo kuna kisanduku kidogo cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko chake kuna majina ya matundu. Injini ikiwa imezimwa na kontakti imewekwa, fundi anaunganisha kwa kipande cha waya tundu TE1 na E1 tu, kisha anahesabu namna taa inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo bila kusimama, kompyuta haioni kosa. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni 22: kipimo cha joto la maji ya injini. Mara nne kisha mara moja ni 41: kipimo cha pedali ya mwendo, pale hewa inapoingilia. Mara moja kisha nne ni 14: alama ya moto wa buji hairudi kwenye kompyuta. Matundu yasichanganywe, kwa sababu kukosea kunaweza kuunguza kifaa.

Lakini tuelewane: namba hiyo inaonyesha njia ya umeme yenye tatizo, haisemi kwamba piesi imekufa. Namba 22 inaweza kutoka kwa kipimo kibovu, ao kwa waya wake uliokatwa na panya. Hata hapo, pima kabla ya kununua.

Joto: kwa nini milima yetu inachemsha injini

Ziwa Kivu liko karibu mita 1 460 juu ya bahari. Kwa urefu huo, maji ya sufuria hayangojei digrii 100. Yanachemka karibu digrii 95. Kinachookoa injini ni kifuniko cha radiateri. Kina springi inayobana maji ili yasichemke mapema. Juu yake kumeandikwa mara nyingi 0,9 ao 1,1. Kikiwa kizima kinaongeza karibu digrii 20 kabla ya maji kuchemka. Kikichoka, ao kikibadilishwa na kifuniko kisicho cha gari hilo, injini inachemka hata kama radiateri na pompi ni vizima. Ni piesi ndogo, na ni moja ya zile zinazosahauliwa zaidi.

Jiulize pia ni wakati gani joto linapanda. Likipanda wakati wa msongamano na kushuka gari likitembea, tazama ventilateri, fyuzi na rele yake. Likipanda kwenye mlima na kwa mwendo, radiateri inaweza kuwa imeziba ao maji ni machache. Likipanda kila wakati, na maji yanapungua bila kuonekana yanapomwagika, angalia kama mafuta ya injini yamekuwa kama maziwa, ao kama kuna mapovu yasiyoisha kwenye radiateri. Hizo ni dalili za jwenti ya kilasi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na mwili wake. Kuendelea kusafiri hivyo ni kuua injini.

Kuna desturi ya kutoa termosta na kuitupa, eti gari lipoe. Termosta ni mlango unaofunguka maji yanapofikia digrii 82 hivi, kulingana na gari. Ikitolewa, injini inatembea baridi, inakunywa esanse zaidi na kulika haraka, na kosa la kweli linabaki pale pale. Kuipima hakugharimu kitu: iweke katika sufuria ya maji juu ya mbabula. Ikifunguka kabla maji hayajachemka, ni nzima. Isipofunguka, nunua nyingine. Usiache nafasi yake tupu.

Maji ya ziwa ao ya kisima yana chumvi zinazoacha ukoko ndani ya radiateri. Ile likidi ya radiateri ni bora. Na kamwe usifungue kifuniko injini ikiwa moto: maji yatakurukia usoni.

Freni: hapa hakuna kubahatisha

Anayetoka Bukavu kwenda Uvira kwa kupitia Ngomo anashuka karibu mita 700, kutoka Ziwa Kivu hadi Ziwa Tanganyika, na sehemu ngumu zaidi ni ule mteremko wa Ngomo kabla ya Kamanyola. Huko ndiko freni za zamani zinaonyesha ukweli wao.

Mafuta ya freni yanakunywa unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka. Mafuta mapya ya DOT 3 yanavumilia angalau digrii 205 kabla ya kuchemka. Yakisha kunywa maji, kipimo chake kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230, kisha 155. Shofere akikanyaga freni kilometa baada ya kilometa, joto linafika huko, mafuta yanachemka, mapovu yanaingia, na pedali inaanguka hadi chini bila gari kusimama. Baadaye freni zikipoa, pedali inarudi, na watu wanasema ni uchawi. Ni mafuta yaliyozeeka.

Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, na katika kushuka ingiza vitesi ndogo ili injini ishike gari. Mafuta ya injini yasiwekwe hata tone kwenye freni: yanavimbisha mipira na kuiharibu yote.

Pedali nayo inazungumza. Ikishuka polepole ukiwa umeikanyaga, kuna mahali panavuja, ao pompi kubwa ya freni imechoka ndani. Ikiwa laini lakini inapanda ukiipiga mara mbili tatu, kuna hewa ao freni za nyuma zimelegea. Gari likivuta upande mmoja, freni ya gurudumu moja imekwama ao haifanyi kazi. Kwa dalili yoyote kati ya hizo, gari lisibebe watu mpaka lipimwe.

Jambo lingine la usalama ni taa. Taa za magari ya Japani zimetengenezwa kuangaza zaidi upande wa kushoto, kwa sababu huko wanatembea kushoto. Kwetu, upande huo ndio wa anayekuja mbele, na anapofushwa usiku. Fundi azishushe vizuri, ao ziwekwe taa za upande wetu zikipatikana.

Lipa uchunguzi, si piesi tu

Mafundi wetu wengi wanajua kazi. Tatizo liko pia kwa sisi wateja. Fundi anayetumia saa mbili akitafuta waya mmoja na kuukaza kwa dakika tano, tunamwambia: "Umefanya nini hata nikulipe?" Lakini aliyebadilisha demarere bila kupima, tunamlipa bila neno, kwa sababu tumeona piesi mpya. Kwa namna hiyo sisi wenyewe tunafundisha garaji kubahatisha.

Basi tufanye mapatano tangu mwanzo: bei ya kutafuta kosa, mbali na bei ya kutengeneza. Mwenye gari amweleze fundi yote: kosa linatokea asubuhi ao injini ikiwa moto, wakati wa mvua ao kwenye mashimo, tangu lini, na nini kilibadilishwa kabla yake. Kisha, kabla ya kutoa pesa ya piesi, aulize swali moja: "Umepima nini, na umepata namba gani?" Kazi ikiisha, aombe piesi ya zamani, na aandike tarehe na kazi katika daftari. Daftari hilo litamsaidia fundi wa kesho kuliko maneno mengi.

Ikumbukwe kwamba kupima umeme, kutazama buji ao kuchemsha termosta ni mambo ambayo kila mwenye gari anaweza kujifunza. Lakini freni, volani na moto wa esanse vinahitaji fundi mwenye mazoezi, na gari lisimame mpaka kazi iishe, hata kama siku hiyo malipo hayatapatikana.